Nilivyoukuta mdomo wa mama yangu kwenye data za ofisi tukiandaa maombi ya ruzuku

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Leo sina stori ya mapenzi wala ya kutapeliwa. Nina stori ya ofisini, na najua neno hilo tayari limefukuza nusu yenu. Mliobaki vuteni viti. Nitakayoandika yametokea kweli, ila majina nimebadilisha na ofisi siitaji, maana bado nakula ugali wake.

Nisijivike cheo. Mimi ni dada wa data kwenye kituo kidogo cha utafiti hapa Arusha, naishi Sakina, nina mume na watoto. Watafiti wakirudi kutoka field na fomu zao, picha, na fleshi zilizojaa vumbi, mimi ndiye napokea, nasafisha, napanga kwenye folda na kutunza. Mtu akitaka faili la miaka ya nyuma ananiuliza mimi. Mume wangu hushangaa inakuwaje mtu huyo huyo nyumbani hajui soksi za watoto ziko wapi.

Kwa wasiojua, siku hizi ukiomba ruzuku ya utafiti, mfadhili haridhiki kusikia tu utatafiti nini. Anataka na mpango wa data. Utakusanya data gani, utazitunza wapi, nani ataruhusiwa kuzigusa, zitakaa muda gani, na ukimaliza utazigawa vipi ili watafiti wengine nao wazitumie.

Ni kama baba mkwe anayekuambia, sawa kijana, umempenda binti yangu, lakini utamlaza wapi?

Swali la haki kabisa. Shida ni kwamba wengi wetu tunalijibu dakika za mwisho, kwa copy na paste.

Sisi pia tulinakili, sitawaficha. Kituo kiliwahi kuomba ruzuku ya utafiti wa mbegu za kahawa, basi kijana mmoja wa pale akachukua mpango ule ule, akaiambia kompyuta kila penye "mbegu" iweke "meno", akanitumia nisahihishe. Nikafungua nikakuta meno ya washiriki yatakaushwa juani, yapangwe kwenye vifuko vya karatasi na kuhifadhiwa sehemu isiyo na panya.

Nilicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Meno, ndiyo. Ndiyo utafiti wetu.

Mtu wa Arusha na Meru hahitaji kuelezwa, ila kwa wageni: maji ya baadhi ya chemchemi za huku Mlima Meru yana madini ya floraidi kwa wingi. Mtoto akiyanywa wakati meno yake yanajengeka, yanatoka na rangi ya kahawia, na rangi hiyo haitoki kwa mswaki. Si uchafu. Si sigara. Nilipokuwa chuo Dar kuna dada aliniuliza, kwa upole kabisa, kama kwetu dawa ya meno inafika. Nilimjibu inafika, ila tunaipaka kwenye mkate. Mpaka leo sijui kama aliamini.

Sasa kituo kinataka kufuatilia kama machujio ya mkaa wa mifupa ya kupunguza floraidi kwenye maji, yale ya ndoo mbili yenye koki, yanawasaidia watoto wanaoota meno sasa hivi. Hiyo ndiyo ruzuku tuliyokuwa tunaiomba. Na ili ombi liwe na nguvu, tulitakiwa kuonyesha data za utafiti wa mwanzo, uliofanyika kabla sijaajiriwa, zikiwemo picha za meno ya watu wazima. Na kuahidi kwamba picha hizo zitawekwa kwenye ghala la data mtandaoni, wazi, mtafiti yeyote azichukue.

Nia ni nzuri, nisieleweke vibaya. Tatizo hili liko Bonde la Ufa lote, Kenya, Ethiopia na kwingine. Daktari wa meno wa huko akiona picha zetu analinganisha na za kwake, kazi inakwenda mbele. Sikuwa na pingamizi hata chembe.

Kwenye kipengele cha faragha rasimu ilisema hivi: picha zote zimekatwa, macho na pua vimeondolewa, umebaki mdomo tu, kwa hiyo hakuna mshiriki anayeweza kutambulika.

Nikaona imekaa vizuri. Nikaongeza alama moja ya mkato, nikaendelea.

Alhamisi mchana, wakati wenzangu wamekwenda kula, nikafungua ile folda. Mfadhili anataka kujua picha ni za aina gani ya faili na zina ukubwa gani, basi nikawa natazama hapa na pale huku natafuna karanga. Midomo mitupu. Vidole vya glovu vimeinua mdomo wa juu, meno yako nje, rula ndogo pembeni, na namba ya mshiriki chini.

Nikafungua nyingine. Nikaacha kutafuna.

Meno ya mbele yenye mwanya. Kahawia iliyokolea kuelekea kwenye ufizi. Na jino la pembeni limekatika ncha, kwa mshazari.

Wakuu, mimi najua lile jino lilikatikaje. Lilikatika siku ya kipaimara cha dada yangu, wageni wamekaa, soda ziko mezani, opena haionekani. Mama mwenye nyumba akachoka kungoja, akafungua chupa kwa meno.

Alikuwa mama yangu mzazi.

Nililia, nisiwadanganye. Nililia na karanga mdomoni, na haipendezi.

Naomba niwaeleze kidogo kuhusu Mama ili mnielewe. Mama hacheki mdomo wazi. Akichekeshwa, pembe ya kitenge inapanda yenyewe mpaka mdomoni, kama vile mtu anayepepesa jicho. Mimi mtoto niliyebebwa na mgongo wake sijawahi kuyatazama meno ya Mama kwa utulivu. Tunayaona kwa kuiba tu, akipiga mwayo, au akiwa kwaya wanapofika zile noti za juu ambazo haziimbiki kwa mdomo mdogo.

Sasa hayo hapo. Yameshikiliwa na vidole vya mtu, yamepewa namba, na mimi binti yake nimeweka mkato kwenye sentensi ya kuyapeleka duniani.

Nilihisi kama nimeingia chumbani kwake bila kubisha hodi.

Nikapitia na nyingine. Huyu ni Mama Upendo, jirani yetu wa kule nyumbani mlimani. Huyu mwalimu wa kwaya. Huyu mzee anayetuchinjia mbuzi sikukuu zote. Mtaa wangu mzima ulikuwa umekaa kwenye ile folda, na sikuhitaji macho ya hata mmoja wao.

Hapo ndipo nikaelewa kosa letu, na ni kosa la sehemu zenye maji kama yetu. Aliyezikata zile picha alifuata kanuni ya dunia nzima, ficha macho mtu hajulikani. Kwingine sawa. Lakini kwetu floraidi haimpaki mtu kama mwenzake. Mmoja ana mistari, mwingine mabaka, mwingine yamemomonyoka kwenye ncha. Tunatambuana kwa meno tangu shule ya msingi, na majina ya utani tuliyopeana huko sitayaandika hapa maana wengine sasa ni wainjilisti. Ukimkata mtu wa kwetu macho ukamwachia meno, umemtaja jina lake na la ukoo.

Nikaenda kwa bosi, nitamwita Dokta. Dokta kwao Bukoba, mtu mwema, ana meno meupe mpaka yanakera. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

"Dokta, hii sentensi ya faragha si ya kweli," nikamwambia.

"Si ya kweli vipi? Tumebakiza mdomo tu. Nani atamtambua mtu kwa meno?"

"Sisi. Huyu hapa ni mama yangu."

Akatazama skrini, akanitazama mimi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Pole, Ndeshi. Sikujua mama yako alishiriki."

"Hata mimi sikujua."

Tukatoa fomu ya ridhaa waliyotia sahihi watu wale. Ilisema picha zitatumika kwa ajili ya utafiti huu. Basi. Hakuna neno lolote la kuwapa watafiti wengine, wala la mtandao. Kwa hiyo hata ningekuwa sina mama kwenye ile folda, hatukuwa na ruhusa ya kufanya tulichokuwa tunaahidi kwa mfadhili.

Picha zile ndizo zilizokuwa uti wa mgongo wa ombi. Bila ombi kupita, hakuna kufuatilia machujio, na kuna watoto huko juu wanaendelea kuota meno.

"Nenda kawaulize wenyewe," akasema. "Anza na mama. Ombi tunalituma Ijumaa ya wiki ijayo."

Jumamosi nikapanda kwetu na laptop ya ofisi, upande wa mashariki wa mlima. Nilimkuta Mama jikoni ana beseni la ndizi anamenya za machalari, zile ndizi zetu za kupika na nyama.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda?"

Sijakonda. Nimeongezeka, ushahidi upo. Lakini Mama tangu niolewe ananiona nimekonda.

Nikachukua kisu tukawa tunamenya wote. Nikaongea habari za watoto, za ng'ombe, za mvua. Kila nikitaka kuanza, ulimi unakwepa. Nitaanzaje kumwambia mama yangu kwamba nimeuona mdomo wake?

Mwisho nikasema tu, "Mama, uliwahi kupigwa picha ya meno na watu wa kituo?"

Kisu chake kikasimama.

"Wale waliokuja baada ya ibada? Yule nesi alikuwa na mikono ya baridi."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini sasa? Mwanangu, leo nimefungua mdomo?"

"Lakini wewe Mama, wewe hata kwenye harusi yangu hukucheka. Ulikubalije?"

Akaendelea kumenya. "Walisema ni kwa ajili ya maji ya watoto. Mimi nimeshaharibika, basi nikaona kama itawasaidia hawa wadogo, nifumbe macho wamalize."

Alisema hivyo hivyo, "nimeshaharibika", kwa sauti ile ile anayosemea kwamba chumvi imeisha. Niliinamia beseni nisionekane.

Nikamweleza yote. Kwamba kituo kinaomba ruzuku, kwamba wafadhili wanataka data zigawanywe, na kwamba kugawana kuna faida, mganga wa mbali naye anajifunza. Mama ana darasa la saba na kichwa cha kuwauzia wengine. Alielewa haraka kuliko baadhi ya watu niliowahi kuwapa semina.

"Na nani atakayetazama?"

"Watafiti. Wanafunzi. Ikishakuwa wazi, Mama, mtu yeyote mwenye intaneti."

"Hata hawa wa kutumiana mavideo?"

"Hata hao."

Akaweka kisu chini. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Alinawa mikono kwa mafuta ya taa kwanza kutoa utomvu, halafu kwa sabuni, halafu akaifuta vizuri, kama mtu anayekwenda kubeba kichanga. Nikafungua laptop juu ya kiti cha jikoni.

Alitazama muda mrefu. Mama yangu hakuwahi kuyaona meno yake hivyo. Kioo cha nyumbani ni kidogo na anakitumia kwa kilemba.

"Na macho yangu yako wapi?"

"Waliyakata, ili usijulikane."

Kitenge kikapanda mdomoni, mabega yakaanza kutikisika. "Wakaacha meno!"

Tukacheka sisi wawili mpaka ng'ombe akalia. Lakini alipomaliza kucheka alifuta macho, na sikuwa na uhakika alikuwa anafuta machozi ya aina gani. Akasema tu, "Funika hiyo kitu, tupike."

Jioni Mama Upendo akaja kuleta maziwa. Huyu ni kinyume cha Mama, anacheka unamsikia Usa River. Nikamweleza naye, nikamwonyesha ya kwake peke yake, si za wengine.

"Toa!" akasema. "Toa leo hii! Upendo anachumbiwa na watu wa Moshi, wanakuja kujitambulisha. Unataka wafungue simu wakute mama mkwe hana uso, ana meno tu?"

"Nitaitoa mama, ni haki yako."

Akatikisa sufuria ya maziwa kidogo, akawaza.

"Lakini ni ya maji ya watoto, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi usiitupe. Ifiche. Harusi ikishapita na mjukuu wa kwanza akabatizwa, irudishe. Hapo hata wakiniona watanifanya nini?"

Wakuu, nilitaka kumkumbatia. Wataalamu wana neno zito kabisa la jambo hilo, data kufungiwa mpaka muda fulani ufike ndipo ziachiwe, na wanaliandikia miongozo mirefu. Mama Upendo amelifikia akiwa amesimama mlangoni na sufuria ya maziwa.

Ila Mama yangu hakutoa jibu. Nami sikumsukuma.

Jumapili asubuhi tunajiandaa kwenda kanisani, akaniita chumbani. Alikuwa ameweka albamu yake kitandani. Ile ya jalada la plastiki, kila nyumba ya umri wetu inayo.

"Hebu nitazame," akasema.

Nikafunua. Mama na Baba siku ya ndoa, mbele ya pazia la studio. Mama na mimi mgongoni. Mama kwenye kipaimara cha dada. Mama na kwaya, safu ya mbele. Mama amesimama kando ya keki yangu ya harusi. Midomo imefungwa kwenye zote, imekazwa kabisa, kama mtu anayeshikilia pini wakati anashona.

"Kila mpiga picha niliyekwenda kwake aliniambia mama, funga mdomo upendeze," akasema. "Wa kwanza alikuwa na studio Ngarenaro, nilikuwa msichana mdogo kuliko wewe sasa. Nikafunga. Nimefunga mpaka leo."

Nikairudia ile ya keki yangu.

"Sasa, Ndeshi. Kwenye picha zangu zote nina macho, sina mdomo. Kwenye hiyo yenu nina mdomo, sina macho. Mdomo peke yake ni ugonjwa, mwanangu. Mtu akiuona anaona ugonjwa. Kama ni lazima nionekane kwa ajili ya hayo maji, nionekane mzima. Nipige nyingine. Na jina langu muandike."

Nilikaa kitandani pale na gauni langu la kanisani nikalia kwa mara ya pili wiki ile. Mama akanipa pembe ya kitenge nijifute, akaniambia niharakishe, kengele ya pili imeshapigwa.

Baada ya ibada nikampiga picha, uani, kwa simu yangu. Tulihangaika. Nikimwambia cheka, anakaza. Nikihesabu, anafumba macho. Akasema labda tuache. Sasa Mama Upendo, aliyekuwa amekuja kusimamia bila kualikwa, akamuuliza kwa sauti kama anakumbuka siku mwinjilisti alipokaa juu ya sahani ya pilau. Mama akapasuka.

Nikabonyeza.

Jumatatu nikamwekea Dokta picha ile mezani. Aliitazama akatabasamu, kisha akakuna kichwa. Kanuni inasema ufiche utambulisho wa mshiriki, na huyu mshiriki anadai utambulisho wake. "Na akija kujuta?" akaniuliza. Swali zuri, nikampigia Mama simu pale pale, nikaweka loudspeaker.

"Mwambie Dokta mimi ni mtu mzima," Mama akasema. "Nikijuta nitamwambia atoe. Atatoa?"

"Kwetu tutaitoa, mama," Dokta akajibu. "Lakini mtu akiwa ameshaichukua kwake, hiyo siwezi kuirudisha. Sitaki nikudanganye."

Mama akasema, "Asante kwa kusema ukweli. Iwekeni."

Wiki ile nilirudi kule juu tena na mwenzangu mmoja, tukawafuata wote tuliowapata, mmoja mmoja, kila mtu akiona ya kwake tu. Wapo waliosema ruksa. Wapo waliosema ionwe na madaktari lakini siyo na kila mtu. Wapo waliosema futa, tukafuta, bila kuuliza kwa nini. Wapo ambao walishatangulia mbele za haki, na hao tulikubaliana picha zao zisitoke, maana hakuna wa kuwafungulia mdomo kwa niaba yao.

Tukauandika mpango upya. Ile sentensi ya kwamba hakuna anayeweza kutambulika tukaitoa, tukaandika ukweli: katika eneo hili meno yanamtambulisha mtu. Vipimo vya maji vitakuwa wazi kwa kila mtu, ila ramani itaonyesha kata, siyo nyumba ya mtu. Picha za midomo hazitakuwa wazi, mtafiti ataomba na kamati itamjibu. Za akina Mama Upendo zitasubiri. Fomu mpya ya ridhaa itauliza swali la kugawana peke yake, kwa Kiswahili cha kueleweka, na mtu akisema hapana kwenye hilo bado anaweza kushiriki utafiti. Na pembeni kuna mkusanyo mdogo wa watu waliotaka kuonekana wazima, kwa majina yao, ambao hautagusa mtandao mpaka kamati ya maadili iseme sawa.

Dokta alihofu mfadhili angeona tumebana mno. Nikamwambia bora tukose kwa ukweli. Akasema rahisi kusema, halafu akabonyeza kutuma. Ilikuwa Ijumaa, na umeme haukukatika, namshukuru Mungu.

Majibu bado hatujapata wakati naandika hapa. Mtuombee.

Somo nililopata, na hili nawaambia hasa ninyi mnaoandika proposal huku mnanong'ona "hicho kipengele cha data tutajaza mwishoni": anzeni nacho. Ukiandika leo kwamba data zitagawanywa, kuna mtu aliyefungua mdomo akifikiri anawafungulia ninyi tu. Muulize kabla, kwa maneno anayoyaelewa, na uwe tayari kwa jibu ambalo halimo kwenye template. Mimi nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa ndiyo au hapana. Kuuliza si ujinga. Na kabla hujaandika kwamba mtu hatambuliki, mtafute mwenyeji wa pale umuulize kwenu watu mnajuanaje.

Wenye uzoefu naomba mchangie. Mnafanyaje kwa washiriki wanaotaka majina yao yabaki? Kamati za maadili za kwenu zinasemaje? Na wa Arusha wenzangu, najua mpo mnasoma kimya kimya, njooni mseme neno.

Ile picha niliisafisha nikaikuza, nikaitia fremu na kumpelekea Mama wiki iliyopita. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama, meno yote nje, macho yamekuwa madogo kwa kicheko. Nikadhani ataniambia niitundike sebuleni.

"Ukumbuke, na dada yako umwambie," akasema. "Siku yangu ikifika, juu ya jeneza msiweke ile ya kitambulisho. Wekeni hii."

Nikamwambia sawa, Mama. Akanipa maji ninywe, akaniambia nimekonda.